Biashara ya nje iwekewe mipaka? Tumuulize kwanza anayeilipia

Tarehe 2 Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakiwa Arusha, waliazimia kwamba ndani ya miaka 3 nchi zao ziachane na mitumba. Nguo na viatu vilivyokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani visiingie tena, wananchi wavae vinavyoshonwa hapa. Miaka 2 baadaye azimio hilo lilikuwa limebaki na nchi moja. Kenya ilirudi nyuma katikati ya 2017, Tanzania na Uganda zikafuata mwanzoni mwa 2018, na Rwanda ikasimama peke yake na ushuru wake.

Naanza na kisa hiki kwa sababu karibu kila swali kuhusu mipaka ya biashara ya kimataifa limo humo: ajira za ndani, mfuko wa mnunuzi maskini, ubabe wa nchi kubwa, na serikali zinazotangaza kabla ya kupanga. Mjadala wetu huwa na kambi mbili. Moja inataka soko liachwe huru, bidhaa ziende zinakotakiwa. Nyingine inataka tulinde vya kwetu. Zote huzungumza kana kwamba kuna mahali duniani ambapo biashara inapita bila kizuizi, na mahali hapo hapapo. Jumuiya yetu yenyewe ina ushuru wa pamoja wa nje wenye ngazi 4: asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa ambazo bado zitasindikwa, 25 kwa bidhaa zilizokamilika na, tangu Julai 2022, 35 kwa zile ambazo nchi wanachama zinaamini zinaweza kujitengenezea. Juu ya hizo ipo orodha ya bidhaa nyeti, ambamo mchele unaotoka nje ya Jumuiya hutozwa asilimia 75 na sukari 100. Mipaka ipo tayari. Kinachokosekana ni kumtaja anayeilipia, kwa sababu kila mpaka wa biashara hulipiwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo hakuwamo chumbani ulipowekwa.

Kwa mitumba, mlipaji si wa kutafutwa. Mwaka 2019 Kenya peke yake iliingiza takriban tani 185,000 za nguo za mitumba. Mzigo huo hushuka Mombasa, hupanda malori hadi Gikomba jijini Nairobi, na kutoka hapo husambaa hadi minada ya vijijini. Dar es Salaam ina Karume na Manzese, Kampala ina Owino. Mfanyabiashara hununua belo likiwa limefungwa, bila kujua ndani mna nini. Akilifungua akakuta gredi ya kwanza amepona; akikuta mashati yaliyochanika, mtaji umeondoka. Nyuma yake wapo wanaochambua, wanaofua na kupiga pasi, mafundi cherehani wanaopunguza suruali ya mtu mzima ikamtosha mwanafunzi, wabeba mizigo, mama lishe, na machinga anayetembeza makoti begani. Mwishoni kabisa yupo mzazi anayemvisha mtoto sweta zito, linalodumu, kwa bei ambayo duka la nguo mpya haliwezi kuikaribia. Serikali inapoandika kwamba mitumba ni marufuku, hawa ndio inaowaandikia ankara.

Upande wa pili nao una watu wake, na ni rahisi kuwasahau kwa kuwa hawaonekani tena. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Mwanza kulikuwa na Mwatex, Musoma na Mutex yake, Kisumu na Kicomi, Eldoret na Rivatex, na Jinja kiwanda cha Nytil kilichoanzishwa tangu 1954. Viwanda hivi vilichukua pamba iliyolimwa kandokando ya Ziwa Victoria na kwingineko, vikaigeuza khanga, vitenge, mashuka na sare za shule. Kuna mitaa mizima iliyojengwa kwa mishahara yake. Vilianza kuyumba miaka ya 1980, na vingi vilifungwa au kubaki vikisuasua miaka ya 1990, serikali zetu zilipofungua masoko chini ya masharti ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa.

Mitumba ilibebeshwa lawama zote. Ukweli una vipande zaidi. Mashine zilichakaa na hapakuwa na fedha za kigeni za kununulia vipuri. Umeme ulikatika. Mashirika ya umma yalilimbikiza madeni ambayo hakuna aliyewajibishwa kwayo. Kisha nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia zikafika. Mwanauchumi Garth Frazer alikadiria mwaka 2008 kwamba mitumba inaeleza karibu asilimia 40 ya kuporomoka kwa utengenezaji wa nguo Afrika kati ya 1981 na 2000. Asilimia 40 ni madhara makubwa, na anayesema mitumba haikuua kiwanda chochote hasemi kweli. Lakini inabaki 60. Ukiziba mlango wa mitumba na kuiacha hiyo 60 bila kuigusa, umeme ukaendelea kukatika na mkopo wa benki ukaendelea kuwa na riba isiyobebeka, kiwanda hakitafufuka.

Hapa nataka niseme jambo kuhusu nchi tajiri, kwa sababu hoja zao husikika sana kwenye mjadala huu. Kuanzia 1974 hadi mwisho wa 2004 ulikuwapo mkataba wa kimataifa wa nguo na nyuzi ulioziruhusu Marekani na nchi za Ulaya kuweka ukomo wa kiasi cha nguo zinazoweza kuingia kutoka nchi maskini, bidhaa kwa bidhaa, nchi kwa nchi. Viwanda vyao vilipewa miaka 30 ya kujipanga, na bado vilikuwa na umeme, reli, benki na mafundi. Kwa hiyo Afrika Mashariki haikuomba jambo la ajabu pale Arusha, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuikemea kwa kutaka mpaka. Tatizo langu ni ile miaka 3. Kutoka kitumba cha pamba hadi shati kuna kuchambua, kusokota uzi, kufuma, kutia rangi na kushona, na kila hatua ina mashine na mafundi wake. Tanzania inalima pamba Simiyu, Shinyanga na Mwanza, lakini sehemu kubwa ya nyuzi zake bado husafirishwa nje zikiwa marobota. Nani angejenga hatua zote hizo kwa miaka 3, tena bila bajeti iliyotajwa?

Kabla swali hilo halijajibiwa, Marekani ilijibu lingine. Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo chakavu wa nchi hiyo, SMART, kilipeleka malalamiko kwa ofisi ya Mwakilishi wa Biashara wa Marekani, kikidai ajira 40,000 za Wamarekani ziko hatarini. Silaha iliyokuwapo ni AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoziruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia huko bila ushuru. Sheria hiyo ilikuwa na masharti, na mojawapo ni kwamba nchi inayonufaika iwe inaondoa vizuizi dhidi ya biashara na uwekezaji wa Marekani. Kenya wakati huo ilikuwa ikiuza huko nguo za zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka, zinazoshonwa Athi River na maeneo mengine ya viwanda vya kuuza nje. Nguo za Rwanda chini ya mpango huo zilikuwa na thamani ya kama dola milioni 1.5.

Mwenye nguvu mpishe, na Kenya ilipisha. Rwanda haikupisha, na tarehe 31 Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo. Tazama kilichotokea: nchi iliyokuwa imefanikiwa zaidi kuuza nguo nje ndiyo iliyokuwa na uhuru mdogo zaidi wa kulinda nguo nyumbani. Kadiri unavyouza zaidi kwa mnunuzi mmoja mkubwa, ndivyo sera zako za ndani zinavyohamia ofisini kwake. Hili halimo kwenye mahesabu ya wanaosema tufungue tu milango, na wanapaswa kuliweka.

Na Rwanda je? Ushuru wa mitumba ulipandishwa mwaka 2016 kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Viwanda vichache vya kushona vilivyopo Kigali vilipata nafuu, na naiheshimu serikali iliyokubali kulipa gharama ya neno lake. Lakini nafasi kubwa iliyoachwa na mitumba sokoni ilichukuliwa na nguo mpya za bei nafuu kutoka nje, hasa China, na mitumba yenyewe ikaendelea kuvuka kwa njia za panya kutoka Kongo na Uganda. Wachuuzi waliokuwa na mtaji mdogo waliupoteza. Ankara ililipwa, na sehemu kubwa ya ile faida iliyotarajiwa ikaenda kwa kiwanda kilicho mbali zaidi na Kigali kuliko ghala la mitumba.

Sasa nirudi kidogo kwenye sababu ya watu kutaka biashara huru hapo mwanzo, maana si ujinga wala si njama tu. Mwaka 1817 David Ricardo alionyesha, kwa mfano wa vitambaa vya Uingereza na mvinyo wa Ureno, kwamba nchi mbili zinaweza kunufaika zote zikiuziana kile ambacho kila moja inakitengeneza kwa nafuu zaidi ukilinganisha na vingine inavyoweza kutengeneza, hata kama mmoja ni hodari kwa vyote viwili. Hesabu hiyo haijapinduliwa. Simu mkononi mwa mkulima wa Mbozi, dawa ya malaria kwenye zahanati, pikipiki ya bodaboda, vyote vilimfikia kwa bei anayoiweza kwa sababu mahali fulani vinatengenezwa kwa wingi na kuvuka bahari. Ila hesabu ya Ricardo ni ya nchi nzima kwa jumla. Haisemi faida imegawanywaje ndani. Kwa kawaida faida ya bidhaa za kigeni husambaa nyembamba kwa mamilioni ya wanunuzi, shilingi mia hapa, mia mbili pale, wakati hasara huangukia mji mmoja wenye kiwanda kimoja. Mji huo hulia kwa sauti, na una haki.

Kwenye sukari kilio huwa kinyume. Gharama ya kumlinda mzalishaji imesambazwa kwenye kila kikombe cha chai, kidogo kidogo, kiasi kwamba hakuna anayeandamana.

Kenya ilipoingia kwenye eneo huria la biashara la COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, lililoanza Oktoba 2000, ilijua kwamba sukari ya Zambia, Malawi na nchi nyingine za huko ni nafuu kuliko yake. Ikaomba ulinzi wa muda: sukari inayoingia bila ushuru iwekewe ukomo, ili viwanda vya magharibi mwa nchi vijiandae. Ombi lilikuwa la haki. Mamia ya maelfu ya familia hutegemea miwa kule, na masharti ya ulinzi yalikuwa mazuri: viwanda vya umma vibinafsishwe, ziletwe mbegu za miwa zinazokomaa mapema, mkulima alipwe kwa kiwango cha sukari iliyomo kwenye muwa badala ya uzito pekee, barabara za mashambani zitengenezwe. Muda ulipokwisha, kazi haikuwa imekwisha, na ulinzi ukaongezwa. Ukaongezwa tena. Uliendelea kuongezwa kwa zaidi ya miaka 20.

Katika miaka hiyo hiyo Mumias, kampuni ambayo wakati mmoja ilitoa zaidi ya nusu ya sukari ya Kenya, ilianguka. Mwaka 2019 iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali za mdaiwa, na benki iliyokuwa ikiidai. Wakulima walikaa miaka wakidai malipo ya miwa waliyokwisha kuipeleka. Wengine waling'oa miwa wakapanda mahindi. Viwanda vinne vya umma, Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, vilikodishwa kwa kampuni binafsi mwaka 2025 tu, jambo lililoahidiwa tangu mwanzo. Mnunuzi wa Nairobi na Garissa alilipa bei ya juu mwaka hadi mwaka ili mkulima wa Kakamega alindwe, na mkulima wa Kakamega hakulindwa. Fedha zilikwenda wapi? Sehemu ilimezwa na uzembe wa viwandani, na sehemu ikaenda kwa wenye vibali vya kuagiza sukari na kwa wenye magendo, kwa sababu pengo kati ya bei ya ndani na ya nje ni faida kwa yeyote anayeweza kulivuka. Kadiri mpaka unavyoinua bei, ndivyo kibali cha kuupita kinavyokuwa na thamani, na ndivyo mtu anayetoa vibali anavyopata marafiki.

Tanzania tuliuona upande mwingine wa jambo hilohilo. Mwezi Februari 2016 serikali ilizuia uagizaji wa sukari bila kibali ili kulinda viwanda vya ndani, ambavyo vilikuwa havitoshelezi mahitaji ya nchi. Miezi michache baadaye sukari iliadimika, bei ikaruka, na Ramadhani ikawakuta watu kwenye foleni. Kulinda kiwanda chenye uwezo wa kujaza ghala ni jambo moja. Kufunga mlango wakati ghala halijajaa ni kumwadhibu mlaji.

Korea Kusini hutajwa mara kwa mara na wanaotetea ulinzi, na wana sababu. Ilizuia magari ya Japani kuingia hadi mwaka 1999, wakati kampuni zake zikikua. Kinachoachwa nje ya simulizi ni kwamba mikopo nafuu na upendeleo wa serikali kwa kampuni hizo ulifungwa na mauzo yao nje. Aliyeshindwa kuuza nje alinyimwa. Ulinzi wa sukari ya Kenya ulikuwa na masharti kwenye karatasi, na kila masharti yaliposhindwa kutimizwa, adhabu ilikuwa nyongeza ya muda.

Kuna mipaka ambayo haihusu ajira wala viwanda, na hii naitetea bila kusita. Mwaka 2004 watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumukuvu hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa na unyevu. Haionekani kwa macho, kupika hakuimalizi, na ikiliwa kwa kiasi kidogo kwa miaka mingi huchangia saratani ya ini. Hakuna uhuru wa biashara unaompa mtu haki ya kuvusha gunia la namna hiyo. Hata kanuni za biashara za dunia, tangu mkataba wa GATT wa 1947 hadi Shirika la Biashara Duniani lililoanza 1995, huruhusu nchi kuzuia bidhaa ili kulinda uhai na afya ya watu, wanyama na mimea, mradi isiwe kisingizio.

Neno la kuangalia hapo ni kisingizio. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilitangaza kuzuia mahindi yote kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama Namanga na Busia yakiwa na mizigo iliyonunuliwa kihalali, na siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na mahali mahindi yalikotoka pajulikane. Masharti hayo ndiyo yaliyopaswa kutangulia. Sumu ile ile iko kwenye mahindi ya Makueni, kwa hiyo kuyazuia ya Kiteto peke yake hakumlindi mlaji wa Machakos. Kinachomlinda ni kipimo, kwenye mahindi yote, na turubai la kuanikia na ghala kavu kwa mkulima kabla hajafikiria kuuza. Zuio la ghafla lililipiwa na dereva aliyelala mpakani na mkulima ambaye dalali alimshushia bei siku hiyohiyo. Tanzania nayo haina cha kujivunia: mwaka 2017 mamlaka zake ziliteketeza vifaranga 6,400 kutoka Kenya pale Namanga kwa hofu ya mafua ya ndege. Walichomwa moto wakiwa hai. Kulinda mifugo ni wajibu. Kufanya vile kuliumiza hata wale tuliokubali sababu yake.

Halafu zipo bidhaa ambazo hazipaswi kuwa bidhaa kabisa. Pwani yetu inalijua hili kuliko mahali pengi. Biashara ya watumwa ya Zanzibar haikusimama kwa siku moja. Mkataba wa 1822 ulizuia kuwauza kwa Wakristo, wa 1845 ukazuia kuwapeleka nje ya himaya ya Sultani barani Afrika, na ni Juni 1873 tu ambapo Sultani Barghash, akishinikizwa na manowari za Uingereza, alikubali kuzuia usafirishaji wote wa baharini na kufunga soko la Mkunazini. Kilichofuata kinafundisha. Njia ya bahari ilipozibwa, misafara ilihamia nchi kavu, watu wakatembezwa kwa minyororo kutoka Kilwa kuelekea kaskazini kandokando ya pwani, hadi amri nyingine za 1876 zilipojaribu kuizuia na hiyo. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Zanzibar hadi 1897. Kila mpaka wa nusu ulimwachia mfanyabiashara pembe ya kupitia, na waliolipia kila pembe ni wale waliokuwa wanauzwa.

Meno ya tembo yalirudia somo hilo karne moja baadaye. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na Kenya, iliyokuwa imechoma tani 12 hadharani Julai mwaka huo, pamoja na Tanzania zilikuwa mstari wa mbele kuidai. Kwa miaka kadhaa tembo walipumua. Lakini soko la ndani la China liliachwa wazi kisheria, na pembe za magendo zilijificha nyuma ya zile halali. Hesabu za Tanzania zilishuka kutoka tembo 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014. China ilifunga soko lake la ndani mwishoni mwa 2017. Mpaka upande wa muuzaji pekee, huku mnunuzi akiwa na duka lililo wazi, uliwaacha askari wa wanyamapori wapambane kwa bunduki na tatizo lililokuwa na ufunguo wake Beijing.

Nimebakiza aina moja inayopendwa sana na wanasiasa wetu: kuzuia malighafi zisitoke ghafi. Hoja inavutia. Korosho za Mtwara na Lindi nyingi hubanguliwa India na Vietnam, na ajira za ubanguaji huko ndizo ambazo vijana wa Newala hawana. Tanzania ilichagua ushuru badala ya marufuku: korosho ghafi inayosafirishwa hutozwa asilimia 15 ya thamani yake au dola 160 kwa tani, kinachozidi ndicho kinachochukuliwa. Nani anaulipa? Kwenye makaratasi ni msafirishaji. Mnadani, msafirishaji huyo hupunguza kiasi hicho kwenye bei anayotoa, kwa hiyo anayelipa ni mkulima. Hilo lingeweza kuwa mpango wa haki, kwa kuwa sheria ilielekeza asilimia 65 ya makusanyo irudi kwenye zao lenyewe kwa pembejeo, utafiti na kuendeleza ubanguaji. Mwaka 2018 Bunge lilibadilisha sheria, na fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini walipinga kwa nguvu, na walikuwa sahihi. Mkulima aliendelea kulipia mpaka ambao haukuwa tena na sababu aliyoambiwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la awali ni ndiyo, biashara ya kimataifa inahitaji mipaka, na baadhi yake iwe migumu isiyopindishwa. Kwa ile ya kiuchumi, naitaka iwe na mambo ambayo Mumias haikuwa nayo: tarehe ya mwisho inayoheshimiwa, kipimo cha kazi iliyofanyika, na jina la anayegharamia likiwa limeandikwa pale pale penye jina la anayelindwa.

Mahali pa kuanzia papo. Kila mwisho wa Juni, baada ya bajeti za nchi zetu kusomwa, Gazeti la Jumuiya ya Afrika Mashariki huchapisha orodha ya bidhaa ambazo nchi moja moja imeruhusiwa kuzitoza ushuru tofauti na ule wa pamoja, kwa mwaka mmoja kuanzia Julai 1. Nyingi hurudi mwaka unaofuata, na unaofuata. Kenya, kwa mfano, kwa miaka imeomba kutoza mchele asilimia 35 badala ya 75 na ngano 10 badala ya 35, kwa sababu haijitoshelezi. Tanzania, yenye mchele wa kuuza, hutaka ile 75 ibaki. Kila upande una sababu ya kueleweka. Lakini orodha ile huonyesha nchi, bidhaa, kiwango na muda, basi. Mlaji wa Mombasa, mkulima wa Mwea na mkulima wa Kyela hawawezi kusoma humo ni nani ndani ya nchi hiyo aliyeomba, bei ilitarajiwa kupanda au kushuka kwa kiasi gani, na ruhusa ya mwaka jana ilizaa nini. Bunge la Afrika Mashariki linaweza kudai safu hizo 3 ziongezwe kwenye gazeti la Juni ijayo.